Marudio: Habari za Mabaki ya Migodi katika Geita na Shinyanga

Neno marudio, kwa maana iliyozoeleka na kila msemaji wa Kiswahili, ni tendo la kurudia jambo lililokwisha kutendwa. Mwanafunzi hufanya marudio ya somo, na waimbaji hufanya marudio ya wimbo kabla ya kuutoa hadharani. Lakini katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hata vijiji vya Kahama, neno hilo lina maana nyingine, na maana hiyo si tendo bali ni kitu. Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa, ukaoshwa, ukatolewa dhahabu yake kwa zebaki, kisha ukaachwa lundo kando ya mahali pa kuoshea. Mchanga huo haukuitwa taka, wala haukuitwa uchafu. Umeitwa marudio kwa kuwa haukutupwa, unangoja kurudiwa.

Kiswahili cha magazeti na cha ofisi za serikali kina maneno mengine mawili ya jamii hiyo, nayo ni mapya zaidi masikioni mwa watu. La kwanza ni makinikia, yaani mchanga wenye shaba, fedha na dhahabu uliochujwa mgodini na kusafirishwa nchi za nje ukayeyushwe huko. La pili ni topesumu, yaani tope linalotoka kinuni baada ya madini kutolewa, likahifadhiwa katika bwawa kubwa lenye kuta za udongo na mawe. Maneno haya matatu yanaeleza sehemu mbili za jambo moja. Makinikia ni kile kinachokwenda. Topesumu na marudio ni kile kinachobaki. Na yeyote anayetaka kuandika historia ya madini katika nchi hii hana budi kuona kwamba kile kinachokwenda kimeandikwa sana, na kile kinachobaki kimeandikwa kidogo mno.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana mwaka 1917 ukitimiza miaka 100, yaani mwaka 2017. Mwezi wa Machi mwaka huo Rais John Magufuli alipiga marufuku usafirishaji wa makinikia. Makontena 277 yalizuiwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kamati mbili ziliundwa, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro. Ripoti zao zilisomwa mbele ya taifa mwezi wa Mei na wa Juni. Kwa muda wa miezi michache neno ambalo hapo kwanza lilijulikana na wataalamu wachache tu likawa katika kinywa cha kila mtu, kutoka baraza la kahawa hata Bunge. Watu waliuliza dhahabu ni kiasi gani, na mapato ya nchi ni kiasi gani. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Ila makontena yale yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, wilaya ya Kahama, na kwa kila kontena moja lililofika bandarini palibaki Kahama tope lisilopakiwa popote. Juu ya tope hilo hapakuundwa kamati iliyotikisa taifa.

Hesabu yake si ngumu. Mwamba wenye gramu 3 za dhahabu katika kila tani si mwamba duni. Migodi mingi mikubwa hufurahi kuupata. Basi pete ya arusi yenye uzito wa gramu 6 huacha nyuma yake tani 2 za unga wa mawe, pasipo kuhesabu mwamba mtupu uliochimbuliwa juu yake ili kuufikia ule wenye dhahabu. Pete huvaliwa Mumbai au Dubai au London. Zile tani 2 hukaa Geita, na zitakaa huko wakati pete imekwisha kurithiwa na wajukuu.

Ama historia ya uchimbaji wenyewe katika nchi hii imefuata sana bei ya dhahabu, na hii ndiyo sababu imekwenda kwa vipindi kama mvua na kiangazi. Wadachi walijua habari za dhahabu ya kusini ya Ziwa kabla ya kwisha karne ya 19, lakini mgodi wao wa maana ulikuwa Sekenke, katika Iramba, uliofunguliwa mwaka 1909. Dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kuwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Geita ilingoja. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hata dola 35. Ndipo makampuni yalipoikimbilia Tanganyika, na katika miaka hiyo ya 1930 mgodi wa Geita ulifunguliwa, ukawa mkubwa kupita yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Bei ile ya dola 35 iliwekwa isiondoke, na haikuondoka kwa muda wa zaidi ya miaka 30, hali gharama za kuchimba zilipanda kila mwaka. Mwaka 1966 mgodi ulifungwa.

Kufungwa kwa mgodi, katika vitabu vya hesabu, ni mwisho wa habari. Kwa wenyeji haikuwa hivyo. Bei ilipoachwa huru katika miaka ya 1970, na serikali ilipolegeza sheria zake na kuanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, maelfu ya watu walishuka maduarani. Wengi wao walikuwa wakulima wa pamba na wafugaji wa Kisukuma ambao bei ya pamba ilikuwa imewavunja moyo. Wengine walitoka Mara, Kagera, Kigoma na mbali zaidi. Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na Nyakagwe zikawa miji isiyokuwamo katika ramani. Walikuja na sululu na nyundo. Na walikuja na zebaki.

Zebaki ni neno la kale katika Kiswahili, limetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kimelipata kwa Waajemi. Kazi yake mwaloni ni rahisi kueleza, na urahisi huo ndio uliowafanya watu waipende. Mawe yaliyopandishwa kutoka duarani huvunjwa kwa nyundo, na kazi hiyo aghalabu ni ya wanawake, kisha husagwa katika karasha mpaka yawe unga. Unga humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia au blanketi, na chembe nzito hunasa katika nyuzi. Gunia husukutuliwa katika beseni, na hapo ndipo zebaki inapotiwa na kuchanganywa kwa mkono mtupu. Zebaki hukamata dhahabu. Donge lake hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa juu ya mkaa wa moto, pengine katika jiko lile lile linalopikiwa ugali, na pengine ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Zebaki huenda zake kwa mvuke usioonekana, na dhahabu hubaki ya rangi ya manjano hafifu.

Mvuke huo hauna harufu ya kumwonya mtu. Huingia mapafuni, hupita katika damu hata ubongo, na baada ya miaka mkono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau na hukasirika upesi kuliko alivyokuwa. Mwaka 2003, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki uliohusu nchi sita, waganga kutoka chuo kikuu cha München walipima watu wa Rwamgasa, na wakaona dalili za sumu hiyo hasa kwa wale ambao kazi yao ni kuchoma madonge. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ya watoto katika migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, waliokuwa wakishika zebaki kwa mikono na kuteremka mashimoni. Vumbi la makarasha ni adui mwingine, kwa kuwa unga wa mawe meupe hukwaruza mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Ila adui huyo hana mkataba wa dunia wa kumkataza, na hivyo hutajwa mara chache.

Mkataba wa zebaki upo, umeitwa kwa jina la Minamata, na jina hilo lina manufaa na hatari yake. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa sababu ya kisa hicho, kila anayesikia zebaki ya Geita huwaza kwanza sangara wa Ziwa Viktoria. Lakini watafiti waliopima samaki wa Ziwa, tangu miaka ya 1990, waliona kwamba kwa kawaida kiasi cha zebaki ndani yao kilikuwa chini ya mpaka uliowekwa kwa chakula. Iliyozidi ilionekana karibu na migodi yenyewe, katika vijito na mashimo ya maji yanayopokea uchafu wa mialo. Hatari kubwa ya Geita haikuwa mezani mwa mla samaki wa mbali. Ilikuwa jikoni mwa mchomaji, na katika udongo wa uani kwake. Kumtetea mlaji wa mbali na kumsahau mama anayechoma donge ni kosa ambalo limefanyika zaidi ya mara moja.

Sasa yafaa kurudi kwenye marudio yenyewe, maana hapo ndipo historia hii ilipo na fundo lake. Zebaki haikamati dhahabu yote. Kwa njia ya mwaloni aghalabu hukamata chini ya nusu, na iliyosalia hubaki katika mchanga, pamoja na matone ya zebaki yenyewe yaliyopotea. Kila mtu mwaloni alilijua jambo hilo. Kwa hiyo ikawa desturi katika mahali pengi kwamba mchimbaji huondoka na donge lake, na mchanga unakuwa mali ya mwenye mwalo, kama malipo ya maji na nafasi. Mchimbaji aliyelipwa kidogo aliacha nyuma yake nusu ya jasho lake, naye mwenye mwalo akakalia lundo akingoja siku yake.

Siku hiyo ililetwa na sianidi. Njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi ilivumbuliwa Glasgow na kupewa hati mwaka 1887, na migodi mikubwa imeitumia tangu hapo. Katika karne hii ya 21 imeshuka kwa wachenjuaji wa kati, ambao hujenga matangi ya saruji, huyajaza marudio, humimina maji ya sianidi, na kuikusanya dhahabu kwa mkaa maalumu. Dhahabu iliyoishinda zebaki haiishindi sianidi. Walakini sianidi haichagui: huiyeyusha na zebaki iliyobaki mchangani pia. Zebaki iliyokuwa imelala kwa uzito wake chini ya lundo hugeuka kuwa kitu chepesi kinachosafiri pamoja na maji, na nyingine hunaswa na mkaa na kupanda tena hewani mkaa unapochomwa. Kwa kila marudio, mchanga hutoa dhahabu pungufu na kuingizwa sumu nyingine. Lundo la mtu maskini huwa malighafi ya mtu mwenye mtaji, kisha hurudi kuwa lundo, safari hii likiwa na sumu mbili badala ya moja.

Migodi mikubwa ilifungua mlango wake upya baada ya Sheria ya Madini ya 1998. Wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002, na Buzwagi mwaka 2009. Huko Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu Agosti 1996, na wengi wao walihamia mialo mingine na kuendelea kama walivyokuwa. Migodi hii haitumii zebaki. Hutumia sianidi ndani ya matangi yaliyofungwa, na kemia wake wana vipimo ambavyo mwaloni havijulikani. Ni haki kusema hivyo. Sianidi nayo, ikiachwa juani, huvunjika. Lakini vitu viwili havivunjiki. Cha kwanza ni metali nzito zilizomo katika mwamba. Cha pili ni salfa, ambayo kwa miaka mamilioni ilikaa gizani pasipo hewa, na sasa, ikiwa unga ulio wazi kwa mvua na upepo, hugeuka asidi inayozichukua metali hizo mpaka mtoni.

Mfano wake uliojulikana zaidi haukutokea Geita bali upande wa pili wa Ziwa, katika ukanda uo huo wa dhahabu, wilaya ya Tarime. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalitoka katika eneo la mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe, ambao wanavijiji walikunywa na kunyweshea mifugo. Kampuni ilisema wezi waliiba turubai lililotandikwa kuzuia maji yasipenye. Wanavijiji walisema maneno mengine. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la topesumu, na mwezi wa Julai serikali ikakataza bwawa lisitumiwe hata litengenezwe. Turubai, au ukuta, au pampu: katika mambo haya sababu ya karibu huwa ndogo siku zote. Sababu ya mbali ni kwamba bwawa la topesumu ni jengo ambalo halina siku ya kuvunjwa. Nyumba ikichakaa hubomolewa. Ukuta huu sharti usimame wakati kampuni iliyoujenga imekwisha kuuzwa mara tatu.

Habari za Mwadui zinalieleza jambo hilo vizuri zaidi, ijapokuwa huko hakuna dhahabu. Mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoa wa Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Almasi ya waridi iliyotolewa humo alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, akiwa bibi arusi, na sifa zake zilienea duniani. Williamson alikufa mwaka 1958, na mgodi ukapita mikononi mwa De Beers na serikali ya Tanganyika. Ukataifishwa mwaka 1971, ukarudi kwa De Beers mwaka 1994, ukanunuliwa na Petra Diamonds mwaka 2009. Katika mikono yote hiyo kazi ilikuwa moja: kuvunja jiwe la kijivu, kuchagua almasi, na kuacha tope.

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka. Tope la kijivu lilitoka nje ya mipaka ya mgodi likaenea katika mashamba ya kijiji cha Ng'wang'holo na Nyenze, wilaya ya Kishapu, likaingia majumbani na kufunika visima na malisho. Hakuna aliyekufa. Katika neno hilo la kushukuriwa ndipo hatari ya kusahau ilipo, kwa kuwa jambo lisiloua watu halikai sana magazetini. Mgodi ulirudia kazi Julai 2023. Na hapa lile neno topesumu linaonyesha upungufu wake. Almasi haitolewi kwa sianidi wala kwa zebaki. Tope la Mwadui halikuhitaji sumu hizo ili kumtoa mtu shambani; lilihitaji kulala juu yake tu. Shamba lililofunikwa kimo cha goti kwa unga wa mawe halioti mtama, na katika Shinyanga, ambako wenyeji kwa mpango wa Hifadhi Ardhi ulioanza mwaka 1986 walirudisha ngitili zao ili ng'ombe wapate majani ya kiangazi, malisho hayakuwa kitu cha bure. Yalikuwa kazi ya mikono ya watu kwa zaidi ya miaka 30.

Miezi miwili kabla ya Mwadui, tarehe 11 Septemba 2022, bwawa la tope lilipasuka Jagersfontein, Afrika Kusini, likaua watu na kuzoa nyumba. Mgodi wa Jagersfontein ulikuwa umefungwa tangu 1971. Kilichokuwa kikifanyika huko ni kuosha upya mabaki ya kale ili kupata almasi zilizowaponyoka wazee. Yaani, kwa lugha ya Rwamgasa, marudio. Baada ya maafa ya Brumadinho, Brazili, Januari 2019, yaliyoua watu 270, kanuni za dunia za kujenga na kutunza mabwawa haya zilitolewa Agosti 2020. Kanuni hizo zilikuwapo tayari wakati mabwawa yote mawili, la Jagersfontein na la Mwadui, yalipopasuka.

Tanzania haikukosa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013, uliidhinishwa mwaka 2020. Mwalo, hata hivyo, hauhami kwa sababu ya saini. Chombo kidogo cha chuma cha kufunikia donge na kuurudisha mvuke kuwa zebaki kimeonyeshwa katika vijiji vya Geita tangu siku za mpango ule wa Umoja wa Mataifa, nacho kinafanya kazi. Lakini kinachelewesha, na donge lililo ndani halionekani. Watu watano wanaogawana dhahabu moja hutaka kuiona inapogeuka rangi, kila mmoja kwa macho yake. Wanaodharau sababu hiyo hawajapata kugawana kitu na mtu wasiyemwamini.

Mwaka 2020 bei ya wakia moja ya dhahabu ilipita dola 2,000, na mwaka 2025 ikapita dola 4,000. Bei inapopanda hivyo, mchanga ambao hapo kwanza haukuwa na mnunuzi, uliokwisha kupita ubaoni, katika zebaki na katika tangi la sianidi, huanza kupimwa tena, na lori huja kuuchukua.